Gari la Mzee Linachemka

Nilikuwa kwenye shati la tatu la shule, povu limenifika viwikoni, jirani yangu fundi cherehani alipopaza sauti juu ya ukuta kwamba gari letu linafuka mvuke pale kijiweni na baba watoto analizunguka kama kuku aliyepoteza kifaranga. Nilitazama saa. Saa tisa na robo. Saa kumi na moja wodi ya macho haitoi tena mgonjwa mpaka kesho, na mama mkwe wangu alikuwa kitandani huko hospitali tangu asubuhi, kafunga mzigo wake, anasubiri. Tulitaka kumkodia teksi, akakataa. Alisema alikwenda na gari la mume wake na atarudi na gari la mume wake, na lisipofika atalala huko huko. Namjua. Angelala. Niliacha mashati kwenye beseni, nikabeba dumu la maji, nikatoka.

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja uliong'olewa kwenye bodi la lori, umeegemea ukuta wa kibanda cha kinyozi. Wenyewe ni watatu. Kinyozi wanamwita Profesa, kwa kuwa husoma magazeti anayofungia nyembe zake. Spana ni fundi wa magari, gereji yake ni kivuli chochote kilicho karibu. Kilomita ni dereva mstaafu wa malori, na hakuna barabara asiyoisimulia. Wa nne alikuwa Mzee, baba mkwe wangu, mwenye gari hili, aliyetutoka miezi mitano iliyopita, katikati ya kipupwe. Mahali pake, mwisho wa ubao, siku hizi wanaweka birika la kahawa.

— Shemeji, usiguse hapo! Spana alinipokonya dumu. Ukifungua rejeta sasa hivi, hayo maji yanakutoka usoni. Liache lipoe.

— Mpaka saa ngapi?

— Nusu saa. Subira huvuta heri.

— Wodi inafungwa saa kumi na moja.

— Basi dakika ishirini na tano.

Baba watoto alikuwa na madoa ya kutu kifuani. Ilikuwa mara ya tatu ndani ya wiki mbili, tangu joto lilipoanza. Mpira wa maji tulishabadilisha. Kifuniko cha rejeta tulishabadilisha.

— Mimi nimechoka, alisema. Likinikwamisha leo na mama hospitali, kesho namwita mtu wa vyuma chakavu.

Kilomita aliweka kikombe chini.

— Vyuma chakavu? Gari lililokuleta wewe na bibi harusi wako kutoka ukweni?

— Mzee Kilomita, sasa ni mvuke, si harusi.

— Tulikuwa tisa humo ndani siku hiyo. Tisa! Na masanduku. Tukapanda ule mlima wa hospitali halikukohoa.

— Kumi, nilimwambia. Umemsahau shangazi. Alikaa juu ya mapaja yangu na gauni lote.

Wakacheka, hata baba watoto kidogo. Mimi nilikumbuka mlima huo huo mara nyingine, mtoto wa pili akitaka kutoka kabla hatujafika. Mzee alizima redio, akashusha gia, akasema bila kugeuka, "Pumua, binti yangu, imebaki kona moja." Zilikuwa zimebaki tatu. Nilizihesabu.

— Tuache harusi, Spana alisema. Hii ni gasketi ya silinda hedi, imeungua huko ndani ya injini. Dalili ya mvua ni mawingu, dalili ya mvuke ni gasketi.

— Wiki iliyopita ulisema ni kifuniko, nikamkumbusha.

— Kifuniko kilikuwa cha wiki iliyopita, shemeji.

— Na themostati? aliuliza baba watoto.

— Themostati gani? Niliitoa kwa mikono yangu, miaka kumi na moja sasa. Kile kidude kazi yake ni kuzuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto. Cha nchi za theluji. Nilimwambia Mzee, unazuia maji ya nini?

— Akasemaje?

— Alinyamaza. Alikuwa mtu wa kunyamaza.

Kilomita alitikisa kichwa.

— Tatizo ni maji. Haya ya bomba ni mepesi, yanachemka upesi. Mzee alitumia maji ya kisima, mazito. Maji mazito ukiyachemshia chai unakata tamaa. Maji yakimwagika hayazoleki.

— Hiyo methali inaingiaje hapo? nikauliza.

— Inaingia tu, shemeji. Ni ya maji.

Profesa alikuwa akisubiri zamu yake, mkasi mkononi.

— Nyote mnatazama ndani. Tazameni chini. Barabara hii ilikuwa ya vumbi, si ndiyo? Gari hili limekulia kwenye vumbi. Sasa wameweka lami, na lami ni nyeusi, inakunywa jua mchana kutwa. Inapeleka joto juu, kwenye injini. Gari linapikwa, halichemki lenyewe. Samaki mkunje angali mbichi.

— Mbona magari mengine hayachemki?

— Yamezaliwa kwenye lami hayo.

— Profesa, nyoa watu, Spana alimwambia.

— Na kuna jambo la pili. Profesa alishusha sauti. Chuma kina kumbukumbu. Miaka thelathini mguu mmoja kwenye mafuta. Mguu ule ule, kiatu kile kile. Leo linakanyagwa na mwingine. Mnadhani halijui? Gari lina msiba.

Hapo hakuna aliyecheka. Kilomita alitazama birika. Baba watoto aliinamisha kichwa, na mimi nikaona hilo la Profesa limempata pabaya, maana tangu tumzike baba yake kila mtu mtaani amekuwa akimfundisha namna Mzee alivyoliendesha.

— Gari halina msiba, nikasema. Sisi ndio tuna msiba, na mbona hatufuki? Saa kumi kasoro kumi. Mwagieni maji mtu aende.

Simu ya baba watoto ikalia. Mama. Aliiweka sauti ya juu, kwa sababu mikono yake ilikuwa na grisi.

— Mwanangu, mko wapi? Nesi anapita na funguo.

— Mama, shikamoo. Gari limechemka tena. Tuko kijiweni.

— Marahaba. Uko na nani hapo?

— Spana, Mzee Kilomita, Profesa.

— Yaa! Ndiyo maana. Haya, nijibu moja tu: boksi la baba yako mmelitoa?

Walitazamana. Spana alimtazama Kilomita, Kilomita akamtazama Profesa, na Profesa, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akatazama viatu vyake.

— Boksi gani, mama?

— La mbele ya rejeta! Kila kipupwe anachomeka boksi kuziba upepo, injini ipate joto asubuhi. Joto likianza analitoa. Tangu yule fundi wenu alipotoa kile kidude. Mimi ndiye namshikia tochi alfajiri, kwa hiyo najua. Mmelitoa?

Spana alipiga magoti mbele ya gari, akaingiza mkono nyuma ya wavu wa mbele, bega likagonga taa. Akavuta. Kilitoka kipande cha boksi, cheusi kwa vumbi na mafuta, kimekatwa sawasawa kwa umbo la rejeta. Ukilitazama kwa mbele ungeapa ni sehemu ya gari.

— Mara tatu nimefungua boneti hii, Spana alisema polepole. Natazama nyuma ya rejeta tu.

Aliligeuza. Upande wa ndani Mzee alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi, safu mbili: Kuweka, Kutoa. Tarehe chini ya tarehe, miaka kumi na moja. Mstari wa mwisho ulikuwa na Kuweka peke yake.

Baba watoto aliutazama mstari huo, kisha akamrudishia Spana boksi. Walifungua kifuniko kwa kitambaa, wakajaza maji, wakawasha. Mshale wa joto ulipanda hadi katikati ukasimama. Saa kumi na dakika tano akaondoka, na Spana akaingia bila kualikwa, dumu miguuni.

Mimi nilirudi kwenye mashati.

Walifika jua likiwa limeshuka. Mama mkwe alishuka mwenyewe, jicho moja limefungwa bandeji. Aliomba boksi kabla ya kuomba maji. Alilisogeza kwenye jicho zima, akalisoma mpaka chini.

— Mwandikie, akamwambia mwanawe.

Baba watoto akaandika tarehe ya leo chini ya Kutoa. Mwandiko wake unafanana na wa baba yake, sikuwahi kugundua.

— Lifutwe vumbi, liwekwe stoo, akasema Mama. Kipupwe hakiko mbali. Na wewe Spana, kaa ule, usijifanye una haraka.

Nilipakua wali na maharage. Watoto watatu, baba watoto, Mama, Spana, mimi. Saba. Sahani zilitosha.