Mama Ukoo na Karatasi ya Mlangoni

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha kompyuta cha hospitali yetu, fundi mkuu wa mifumo, ambaye sote tunamwita Mama Ukoo, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Niliyepewa kalamu ya kumuaga ni mimi, mrithi wa kiti chake. Ameshanionya nisimpake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Alianza kwa kubeba majibu ya vipimo kutoka maabara hadi wodini. Kompyuta zilipofika alijifunza kuzitumia, kisha kuziandikia programu, kisha kuzigombeza. Kibodi yake imefutika herufi zote, lakini vidole vyake havina habari.

Jina la utani lilitokana na kazi. Programu ya maabara ni kama mzazi, huzaa michakato midogo, watoto wake: mmoja husoma mashine ya damu, mwingine huchapa lebo za mifuko ya damu, mwingine hutuma majibu. Kwa mwito maalumu, mfumo endeshi wa kompyuta huambiwa kila mtoto ni wa kundi gani, yaani wa ukoo gani, ili siku ya kusimamisha kazi amri moja iwafikie wote.

Mwaka wake wa tisa aliteleza. Alimwachia mchakato mzazi peke yake kazi ya kuandikisha watoto kwenye kundi. Asubuhi moja mtoto alimwahi mzazi, akaanza kazi kabla ya kuandikishwa, na ombi la mzazi likakataliwa kwa kuchelewa. Kundi liliposimamishwa, yule mmoja alibaki nje, akiendelea kuchapa lebo za jana. Muuguzi mkuu ndiye aliyegundua kwamba lebo haikulingana na mgonjwa, akauzuia mfuko wa damu ukiwa tayari umetundikwa.

Mama Ukoo hakumsingizia mtu. Aliandika kosa lake kwenye karatasi kwa wino mwekundu, akatia jina lake, akaibandika mlangoni, na sheria ikawa hii: mzazi aandikishe, na mtoto naye ajiandikishe, yeyote atakayetangulia. Mimi nilipoajiriwa niliona ni kazi mara mbili, nikafuta mstari mmoja wa programu, ule wa mtoto kujiandikisha. Hakunifokea. Alinipeleka wodini, muuguzi mkuu akanisimulia kisa chote, nikarudi nimenywea, nikaurudisha mstari ule.

Mwaka huu aliambiwa aniachie mimi, mrithi wake, programu za zamani. Alikataa katakata. Hakuwa tayari kuondoka huku hata moja ikiweza kurudia asubuhi ile. Zilikuwa arobaini na moja, naye alizirekebisha moja moja, barua ya kustaafu ikiwa mezani. Alhamisi iliyopita alinikalisha kwenye kiti chake, akaniagiza nisimamishe kundi la mwisho. Tukahesabu michakato iliyobaki. Haukuwepo hata mmoja. Alifuta macho kwa ncha ya mtandio, na mimi nilijifanya nasoma skrini.

Akainuka kuibandua karatasi yake mlangoni. Nilimwomba aiache.

Ahsante, mama, kwa kila mgonjwa aliyepata damu iliyo yake. Nenda ukapumzike kwa afya na amani, wajukuu wakuchoshe kwa raha zao. Karatasi ipo mlangoni, na chini ya jina lako nimeongeza langu.