Nyumba ya Karema na Kifungu cha Tatu

Wazazi wangu, ndugu na majirani mliokubali kubaki baada ya misa, nimeombwa nieleze yaliyonipata nilipokuwa nikiishi nchi ya nje, kwa kuwa wengi wenu mna watoto walio mbali, na wengine mnajiandaa kwenda. Sitataja jina la mtu yeyote. Dada yangu, ambaye habari hii ni yake kuliko ilivyo yangu, nilimwomba ruhusa juzi. Alinijibu, "Sema yote. Na la kwangu usiliruke."

Kwanza niwawekee wazi hali ilivyokuwa kabla jambo lolote halijatokea. Baba yetu alijenga Karema nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, paa la bati, mwendo wa dakika tano kutoka zahanati ya misheni. Alipokaribia kufa aliwaita wazee wa ukoo, akatamka mbele yao kwamba nyumba hiyo ni yangu, kwa kuwa mimi ndiye mwanawe wa kiume wa kwanza. Mdogo wangu alikuwa na shamba lake Kasokola. Dada yetu, mkubwa wetu sote, alikuwa ameolewa upande wa Mpimbwe. Mimi nilikuwa Zambia, mjini Kasama, nikifundisha Kilatini na historia katika shule ya sekondari. Baba alipokwisha kuzikwa, mama alihamia Kasokola kwa mdogo wangu, nyumba ikafungwa. Hivyo ndivyo nilivyoiacha, na kwa muda mrefu niliamini kwamba hivyo ndivyo ilivyo.

Siku ya kuvunja matanga, mdogo wangu aliniambia mbele ya watu, "Kaka, wewe siku hizi ni mtu wa huko. Hapa unakuja na sanduku moja, unakula wali, unaondoka. Nyumba ya nini kwako?"

Watu walicheka. Mimi sikumjibu. Ndugu zangu, nawaambia, laiti ningemjibu! Tungegombana nusu saa, mama angetukemea, tungekula pamoja jioni. Badala yake nilivuka mpaka nikiwa na maneno yale kifuani, na kwa karibu mwaka mzima nikayatunza kama mtu atunzavyo kitu cha thamani. Mwisho nikaamua: kwa kuwa mimi ni mgeni, basi nitaiuza nyumba, nisiwe hata na mahali pa kufikia.

Sikuwa na nafasi ya kuja, kwa hiyo niliandika hati ya uwakilishi, yaani karatasi inayompa mtu mwingine mamlaka ya kuuza mali yako kana kwamba ni wewe mwenyewe uliyesimama pale. Nilimpa mamlaka hayo mwenzangu wa zamani wa seminari, karani hapa Mpanda, mtu mwaminifu kupita kiasi. Kifungu cha kwanza kilimtaja yeye. Cha pili kilieleza nyumba na mipaka yake. Kifungu cha tatu nilikiandika mara nne kabla ya kuridhika nacho, na maneno yake nayakumbuka yote: "Mwakilishi wangu asisikilize ombi wala zuio la ndugu yangu yeyote, wala asitii barua au simu ya kusitisha mauzo, hata ikiwa na jina langu, isipokuwa mimi mwenyewe nisimame mbele yake."

Mtauliza kwa nini niliandika hivyo. Mdogo wangu alijifunza kuandika kwa kufuatiza mwandiko wangu, na hadi leo ukiweka barua zetu mbili pamoja huwezi kuzitenga. Nilihofia ataandika kwa jina langu na kuzuia mauzo. Hakimu wa Kasama aliyepiga muhuri alisoma kifungu hicho, akaweka kalamu chini.

"Mwalimu, na ukibadili nia?"

"Sitabadili."

"Watu hubadili."

"Mimi husoma kabla ya kutia sahihi, mheshimiwa."

Alicheka kidogo, akapiga muhuri. Nilitoka pale nikijiona nimefanya kazi isiyo na dosari.

Sasa nieleze nilichokuwa sikijui. Mama yetu hakujua kuandika. Barua zake alizitamka, mtu mwingine akaziandika, na mbele ya mwandishi wa namna hiyo mzazi hasemi aibu ya nyumba yake. Barua moja ilikuja kwa mwandiko mgeni kwangu, si ule wa mdogo wangu wa Kasokola. Ilisema: "Hatujambo. Dada yako anakusalimu, yuko nami." Niliisoma mara moja, nikaitia ndani ya kitabu. Mimi niliyeweza kukaa na mstari mmoja wa Kilatini asubuhi nzima, sikujiuliza mwandiko umebadilika kwa nini, wala dada aliyeolewa Mpimbwe yuko na mama kwa sababu gani. Nilidhani amekwenda kumtembelea.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja wa Karema, mfanyabiashara wa dagaa, aliyezoea kupanda meli hadi Mpulungu na kuleta magunia yake sokoni Kasama. Siku hiyo nilipomsalimia, hakuniitikia kama kawaida.

"Mwalimu wee! Nyie wasomi mna roho ngumu."

"Nimekosa nini tena, mama?"

"Hujakosa. Nyumba ni yako, uza. Lakini mama yako unampeleka wapi na yule mgonjwa? Mnunuzi keshapima vyumba, anasema magunia mia yanaingia."

"Mgonjwa gani?"

Alinitazama, kisha akajishughulisha na kipimo chake. "Basi hujui. Mimi sijasema kitu. Nikupimie dagaa wa ngapi?"

Nilikataa kuondoka mbele ya meza yake mpaka aseme. Akasema. Dada yangu alikuwa amerudishwa na mumewe. Alikuwa na ukoma. Mama alimchukua Kasokola, lakini katika kijiji kipya, nyumba zikiwa safu kwa safu na kisima kimoja, majirani hawakukubali achote maji. Ndipo mama akaichukua mikeka yake, akarudi na binti yake Karema, katika nyumba niliyodhani imefungwa, apate kuwa karibu na zahanati, maana vidonge hutolewa kila juma na havipaswi kukatizwa. Mnunuzi alikuwa na safari za dagaa, akitaka ghala. Mauzo yangekamilishwa Jumamosi ya juma lililofuata, palepale nyumbani.

Nilikwenda posta mbio, mtu mzima na tai yangu shingoni. Nilipiga simu ya maandishi kwa mwenzangu: SIMAMISHA MAUZO. MAMA YUMO NDANI. Jibu lilifika siku ya tatu. KIFUNGU CHA TATU. NJOO MWENYEWE.

Ndugu zangu, sikuweza kumlaumu. Alikuwa amesoma nilichoandika. Hata mdogo wangu, nilikuja kujua baadaye, alikuwa amekwenda kwake mara mbili, akaonyeshwa mstari ule, akarudi Kasokola akiamini nimeamua nikijua yote. Kila mlango ambao msaada ungeweza kuingilia nilikuwa nimeufunga kwa mkono wangu, na kwa lugha fasaha.

Niliomba ruhusa shuleni, nikapanda lori hadi Mbala, kisha Mpulungu. Meli iliondoka Alhamisi, na kwa hesabu ya kawaida ingefika Karema Ijumaa. Lakini tulipofika Kipili, bandari ya njiani, ziwa lilichafuka. Mashua za kuteremsha abiria hazikuweza kusogea ubavuni mwa meli, nasi tukakaa pale tukipanda na kushuka na mawimbi, saa baada ya saa, huku nikiona nyumba za nchi kavu kwa macho yangu. Nilimwendea baharia mmoja nikamwuliza kwa mara ya nne kama tutaondoka.

"Bwana mkubwa," akasema, "wewe una harusi au msiba?"

"Sijui bado."

"Basi kaa chini. Hata ukisimama, meli haiendi."

Tulitia nanga mbele ya Karema Jumamosi, saa saba mchana. Mkutano wa mauzo ulikuwa umeitishwa saa nne. Nilishuka katika mashua, maji yakanifika magotini, nikapanda kilima na viatu mkononi.

Uani niliona kwanza mikeka. Mama alikuwa ameikunja mwenyewe na kuifunga kwa kamba, na juu yake ameweka vyungu viwili na picha ya baba. Yeye ameketi kando. Hakuonekana mwenye hasira wala mwenye kushangaa. Alisema tu, "Umekuja, mwanangu. Nilijua umeandika, nikasema nisikucheleweshee watu wako."

Barazani walikuwapo mnunuzi, balozi wetu wa nyumba kumi, wazee wanne na mwenzangu karani. Nilisimama mbele yake kama kifungu kilivyotaka. Nikasema, "Nimekuja. Nasimamisha."

Alivua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu. "Wino haujamaliza nusu saa," alisema. "Nimechelewesha kadiri nilivyoweza. Nimeisoma hati mara mbili, nikawafasiria wazee kwa Kibende neno kwa neno. Walianza kusinzia. Sikuwa na la kuongeza."

Mnunuzi alinipa mkono. "Mwalimu, pole kwa safari. Ila umefikia kwenye nyumba ya watu."

Nilimwambia habari ya mama. Akasema ana huruma na mama, lakini ana mashua tatu njiani. Nilimwambia hati ilikosewa. Akaiinua juu. "Imekosewa wapi? Nionyeshe." Balozi akatikisa kichwa, akasema karatasi imeshatiwa sahihi na mashahidi, yeye afanyeje?

Nilijua kuna neno moja nisilolisema, nalo ni ugonjwa wa dada. Mnunuzi alijua kuna mgonjwa. Hakujua wa nini. Mama alikuwa amelificha jambo hilo Karema kwa miezi minane, ila kwa yule mama wa dagaa. Nami, nawaambieni kweli, sikunyamaza kwa ajili yake. Nilinyamaza kwa ajili ya jina langu.

Ndipo dada akatoka ndani. Alikuwa amejifunika kitenge kuanzia kichwani hadi mikononi. Aliwasalimu wazee kwa heshima, mmoja mmoja, kisha akamgeukia mnunuzi.

"Bwana, kabla hujaingiza dagaa wako, ujue nani kalala humo."

Nilimsogelea nikamnong'oneza, "Dada, nyamaza."

Alinijibu kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Wewe umenyamaza mwaka mzima, mdogo wangu. Leo ni zamu yangu."

Akakiteremsha kitenge. Aliwaonyesha madoa ya shavuni na mikononi. "Ni ukoma. Nanywa vidonge vya misheni. Chumba ulichokipima juzi ndicho changu, na hicho kingine napikia."

Mnunuzi alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. Alitazama mkono wake uliokuwa umeshika fremu ya mlango.

"Mbona hamkusema?" aliuliza. "Nani atanunua dagaa wangu akisikia? Karani, futa. Futa jina langu humo!"

Tabibu wa zahanati, aliyeitwa baadaye, alijitahidi kumweleza kwamba anayekunywa vidonge ipasavyo hatishi mtu, lakini yule bwana hakutaka kusikia. Mwenzangu aliandika chini ya hati kwamba mauzo yamebatilika kwa ridhaa ya pande zote. Tukatia sahihi sote. Dada alichora msalaba wake kama shahidi.

Msidhani nawaletea habari ya ushindi. Nyumba iliokolewa na woga wa mtu, si na huruma yake wala elimu yangu, na aliyelipia ni dada. Kuanzia siku hiyo wanawake walivuta ndoo zao alipofika majini. Watoto walitumwa kupita njia nyingine. Alikuwa na siri moja ya kujikinga nayo, akaitoa ili mama alale chini ya bati.

Jioni ile nilimpigia magoti, nikamwomba msamaha. Alisema, "Inuka, unachafua suruali. Fungua mikeka ya mama." Nikaifungua. Siku ya tatu nilikwenda Kasokola kwa mdogo wangu. Alinipa kiti. Kisha akasema, "Lile la sanduku, kaka, nilikuwa nimelewa pombe ya matanga." Nikamwambia ninalo langu kubwa zaidi. Tukala.

Namshukuru yule mama wa dagaa, aliyesema alichotaka kukificha. Namshukuru mwenzangu karani, aliyenifundisha kwamba mtu anayetii maneno yako yote si lazima awe amekusaidia, na bado hana kosa. Namshukuru tabibu, na wazee wanne ambao, juma lililofuata, walikuja kuketi barazani kwa dada wakanywa uji aliowapikia, wakaonekana na watu wakiunywa. Zaidi ya wote namshukuru dada.

Nanyi mlio na watoto ugenini, na nyie vijana mnaoondoka: ukimpa mtu mamlaka juu ya mali ya nyumbani, uliza kwanza nani analala humo leo, wala usitosheke na jibu lililopita katika kalamu ya mtu mwingine. Mtume mtu akaone. Na unapoandika, usiandike ukiwa na hasira. Na ikiwa umeandika, wacha nafasi ya mtu kukuambia umekosea.

Sikurudi kufundisha Kasama. Mdogo wangu na mimi tuliongeza chumba upande wa nyuma. Mama alifariki katika nyumba hiyo masika yaliyofuata, akiwa na watoto wake watatu. Dada yupo, madoa yamefifia, na kila juma huenda zahanati kuchukua vidonge vyake.