Mlango wa Fundi Faridu

Wasikilizaji wapendwa, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Leo tunamkumbuka Faridu, fundi wa kuchomelea vyuma wa Tarime mjini, aliyezikwa Alhamisi. Faridu wa chungu cha bomba.

Wenye umri mnakumbuka miaka ya tisini, dhahabu ilipotutia wazimu. Kule machimboni Kewanja watu walichoma dhahabu yenye zebaki jikoni, mtoto yuko pembeni, moshi wote kifuani. Faridu mwenyewe aliichoma hivyo miaka minne. Ikamwachia mikono ya kutetemeka.

Basi akatengeneza chungu cha chuma, kifuniko cha kukaza, na bomba lililopinda hadi kwenye ndoo ya maji. Moshi ukapoa humo, zebaki ikarudi matone kwa matone. Mchoro na vipimo vyake akavichora kwa rangi nyeupe kwenye mlango wa karakana. Mlango wa barabarani! Kila fundi anakili. Sharti moja tu: usimfiche mwenzako, na ukiboresha, urudi uchore hapa.

Akaja mfanyabiashara na gari. Alitaka kuununua mchoro, mlango upakwe rangi, vyungu auze yeye peke yake. Mjane wake, Bi Samira, hanifichi:

"Nilimwambia auze. Wenzake wanaezeka bati kwa akili yake, sisi tumepanga chumba kimoja! Akasema, 'Mama Shamsia, akiuza yeye peke yake, mchimbaji wa Kewanja atamudu bei?' Nilimnunia mwezi mzima."

Hakuuza, wasikilizaji. Hakuuza. Na nyumba hakujenga. Tusimpambe marehemu kwa uongo.

Ryoba, fundi wa Susuni, aliishi kwa mchoro ule. Anasema: "Niligundua ukifunga kitambaa kibichi kwenye bomba, linapoa haraka. Nilitaka kuficha, kweli kabisa. Nikakumbuka nilikotoa ujuzi. Nikapanda baiskeli hadi Tarime. Mzee brashi ilishamshinda. Akanipa, akasema, 'Chora wewe.'"

Leo mlango ule una michoro ya mafundi kumi na mmoja.

Bi Samira, Shamsia, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu. Nasi tujiulize: ujuzi unaotulisha, nani alituachia bure, na sisi tumemfungia nani?

Jumamosi mwenye jengo anachukua karakana yake. Bi Samira ameomba kitu kimoja tu, mlango, nao amepewa. Ni wa chuma, mzito. Wewe uliyekula kwa mchoro ule, saa tatu asubuhi uwe pale, ushike upande mmoja.