Barua Niliyoiandika Bila Jina

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Waheshimiwa Mahakimu, Mheshimiwa Diwani, viongozi wetu wa dini, wazee wenzangu mliotoka Bahi kwa basi la alfajiri, ndugu wageni waalikwa, na wewe, Mheshimiwa Generosa Kokushubira, uliyetukusanya hapa Ipagala siku ya kustaafu kwako. Wakubwa zangu, ambao sidhani kama mmebaki wengi, shikamooni. Wengine wote, mbukwenyi!

Mtaniwia radhi kwa kusema nikiwa nimeketi. Mshereheshaji wetu, kijana Mudrick, amenipa dakika tano na kuninong'oneza, "Babu, ukizidisha napiga muziki." Nimemjibu kwamba mapafu yangu yatazima kabla ya muziki wake. Daktari ameniambia nipange mambo yangu mapema, na sikuwa na sababu ya kumbishia. Hili ninalolisema leo ni moja ya mambo hayo.

Wazee wa bonde la Bahi walinichagua niwasemee kwa kuwa nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini na sita, nami ndiye ninayewaandikia barua zao. Walitaka nimsifu Mheshimiwa. Nitamsifu. Lakini sifa ninayoijua mimi siwezi kuitoa bila kwanza kujishtaki, nao hawakulijua hilo waliponituma. Wazee wenzangu, nisameheni.

Miaka kumi na miwili iliyopita mdogo wangu Seth alifariki, akaacha mke, Debora, watoto watatu na majaruba manne ya mpunga. Mnajua utaratibu wa mirathi katika Mahakama ya Mwanzo: ukoo unakaa kikao, muhtasari unaandikwa, waliohudhuria wanatia sahihi, na anayependekezwa anaupeleka kwa hakimu ili athibitishwe kuwa msimamizi. Mimi nilikuwa katibu wa ukoo. Niliandika kwamba wote tumekubaliana msimamizi awe mimi. Jina la Debora nililiweka namba saba, na mbele yake palikuwa na alama ya dole gumba.

Mheshimiwa Generosa, hakimu wetu mpya, alikuwa na miezi miwili tu kwetu. Tulizoea muhtasari usomwe, ugongwe mhuri, watu waende nyumbani. Yeye aliuliza, "Waliotajwa humu wapo?" Akaanza kuwaita mmoja mmoja. Alipofika namba saba, Debora akasimama na mtoto mgongoni.

"Mama, siku hiyo ulikuwepo kikaoni?"

"Sikuwepo, Mheshimiwa. Nilikuwa Kibaigwa, nimekaa juu ya magunia ya mahindi nasubiri lori. Labda shemeji aliuona mzimu wangu."

Watu walicheka mpaka askari wa mahakama akawanyamazisha. Mimi nilisema ni makosa ya kuandika. Mheshimiwa akaukataa muhtasari wangu, akaagiza kikao kirudiwe Debora akiwepo, na mwishowe Debora ndiye akawa msimamizi wa mali ya mumewe. Kisha akafanya jambo ambalo hatukuwa tumelizoea. Aliyeshinda hakumtazama. Alinigeukia mimi.

"Mwalimu, umeelewa kwa nini nimeukataa muhtasari wako?"

Nikajibu, "Nimeelewa, Mheshimiwa." Nilikuwa nasema uongo. Nilichoelewa ni kwamba mwanamke mgeni, aliyetoka huko Kagera, ameniaibisha mbele ya watu niliowafundisha kusoma.

Juma lile lile niliketi nikaandika barua kwa wakubwa wake. Niliandika kwamba hakimu huyu amepelekewa mpunga na mjane ili ampendelee. Mwisho wa barua niliandika "Mwananchi Mwema". Sikuweka jina.

Ndugu zangu, mnajua barua ile ilifanya nini? Mheshimiwa aliondolewa kwenye kiti chake miezi minne akichunguzwa. Debora alihojiwa mara tatu, tena mara moja akiwa na homa. Wachunguzi hawakukuta kitu, hakimu akarudi kazini. Lakini maneno hayakuondoka pamoja na wachunguzi. Hata mwaka huu nimemsikia mtu dukani akisema, "Yule mama mzuri, ila kuna lile suala la mpunga." Hapakuwa na suala la mpunga. Palikuwa na mimi, meza yangu na kalamu yangu.

Na lile dole gumba la namba saba, wapendwa, lilikuwa langu.

Naomba mnivumilie, nanywa maji kidogo.

Miaka mitatu baadaye ng'ombe wa Mzee Matonya, ambaye namwona pale nyuma na kofia yake, waliingia majaruba yangu mpunga ukiwa umeanza kutoa suke. Hawakubakiza kitu. Matonya wakati ule ndiye aliyetoa dume la kuchinja katika kila sherehe ya kata, na watu waliniambia nisijisumbue kumshtaki. Nami nilikuwa na sababu zaidi ya kuogopa. Nilijua nani atakayenisikiliza, na nilijua nilichomtendea.

Siku ya kwanza ya shauri, kabla hajasikiliza neno, alisema hivi: "Huko nyuma niliwahi kulalamikiwa na mtu wa kijiji chenu. Yeyote kati yenu mwenye shaka nami aseme sasa, nitamwachia hakimu mwingine shauri hili, na hatanieleza sababu." Matonya akasema hana shaka. Mimi nilikuwa nayo tele, na mlango alikuwa ameniwekea wazi. Lakini niliona nikisema nina shaka, watu watauliza imetoka wapi. Nikanyamaza. Nikakaa nasubiri anilipize.

Alikuja kuyaona majaruba kwa bodaboda. Matonya alikuwa amempelekea gari barabarani, akalikataa. Mimi nilikuwa nimemtengea kiti na uji, akavikataa pia. Alitembea juu ya tuta, viatu mkononi, akafuata nyayo za ng'ombe kutoka jaruba la mwisho mpaka kwenye zizi. Hakuniuliza hata swali moja ambalo hakumuuliza na Matonya.

Akanipa haki yangu. Na kama kawaida yake, akamgeukia aliyeshindwa. "Mzee Matonya, umeelewa kwa nini?"

"Mimi nimeelewa, Mheshimiwa. Ila ng'ombe wangu ndio hawakuelewa mipaka."

Hata Mheshimiwa alitabasamu. Lakini sikilizeni kilichofuata, kwa sababu hicho ndicho kipimo changu cha hakimu. Mwaka uliofuata Matonya alidhulumiwa mifugo na mkwewe. Alikuwa na jamaa wa kumsaidia pembeni. Hakwenda kwao. Alikwenda mahakama ile ile alikoshindwa, akapanga foleni kama sisi. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Mwalimu, pale nilishindwa mchana kweupe. Nataka na hili liamuliwe mchana kweupe."

Mwaka huu nilipolazwa, Mheshimiwa alikuwa ameshafunga mashauri yake ya mwisho, akaja kuniona hospitali. Nikamuuliza, "Ulijua nani aliandika?"

Akasema, "Mwalimu, mwandiko wako naujua tangu ule muhtasari."

"Sasa mbona ulinipa haki?"

"Kesi ilikuwa ya ng'ombe na mpunga. Haikuwa ya mwandiko."

Akanisogezea mto, akaondoka.

Kwa hiyo leo nimekuja na barua ya pili. Nimeiandika kwa mkono wangu. Inasema kwamba barua ya "Mwananchi Mwema" niliiandika mimi, kwamba ilikuwa ya uongo tangu mstari wa kwanza, na kwamba dole la namba saba si la Debora. Mwisho nimeandika jina langu lote: Nathanaeli Ndahani, mwalimu mstaafu. Namwomba binti Anitha wa masijala ya mahakama aje aipokee mbele yenu, na kesho ofisi ikifunguliwa aigonge mhuri, aiweke ndani ya jalada lile lenye ile ya kwanza, ili atakayelifungua akutane na zote mbili. Kama sheria ina neno na mimi, nyumbani kwangu panajulikana, na siwezi tena kukimbia.

Debora, shemeji yangu, sikuombi unijibu leo. Umekuja, umeketi mstari wa mbele, umenisikia. Inanitosha.

Mheshimiwa Generosa, wazee wa Bahi wanakushukuru, na wamekuletea mkeka uliosukwa na akina mama wa bondeni. Leo huna kesi yetu mezani, kwa hiyo safari hii usiukatae. Mimi nakushukuru kwa swali uliloniuliza miaka kumi na miwili iliyopita, ambalo nililijibu kwa uongo. Naomba nilijibu upya, mbele ya mashahidi hawa.

Nimeelewa, Mheshimiwa.

Ahsanteni nyote kwa kunisikiliza mpaka mwisho. Anitha, mwanangu, njoo uichukue.