Digna Aliyepima Shingo: Miaka Ishirini na Saba Ngaruma

Leo, tarehe 30 Juni 1985, Muuguzi Mkunga Bi. Digna anastaafu baada ya kuitumikia Ngaruma kwa miaka ishirini na saba na nusu. Alipoanza kazi Januari 1958 palikuwa na zahanati ya vyumba viwili, na paa lilivuja juu ya kabati la dawa. Anaacha kituo cha afya chenye wodi ya wazazi, hadubini, na jokofu la chanjo linalotumia mafuta ya taa. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu huu kwa sababu nilikuwa mganga msaidizi hapa, na mkuu wake wa kazi, kuanzia 1962 hadi 1981.

Alizaliwa Kibosho mwaka 1930 na akafundishwa uuguzi msaidizi na masista. Tangu wiki ya kwanza alikuwa wa kwanza kufika. Sindano zilikuwa za kioo na zilichemshwa kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, na hakumruhusu mtu yeyote kuziopoa kabla ya dakika ishirini. Mimi mwenyewe aliwahi kunipiga mkono kwa koleo nilipotaka kuharakisha.

Wengi watamkumbuka kwa maji ya chumvi na sukari. Mtoto anayeharisha alihitaji lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo vinane vya sukari na kimoja cha chumvi. Kipimo cha lita kilikuwa chupa mbili za bia, na akina mama wa Kilutheri waliona haya kuonekana nazo njiani. Digna aliwaambia, “Mama, chupa haina dhehebu. Ioshe, uje nayo.” Sukari ilipoadimika miaka hii ya karibuni, aliwafundisha kutumia uji mwepesi wenye chumvi kidogo, na watoto waliendelea kupona.

Klorokwini ya malaria aliisimamia kama polisi. Vidonge vinne kwanza, viwili baada ya saa sita, kisha viwili kila siku kwa siku mbili. Watu waliwashwa mwili, wakaacha katikati na kuweka akiba ya homa ijayo. Kwa hiyo vinne vya kwanza ulivimeza mbele yake. Siku moja Mzee Theodory alivificha vidonge hivyo vichungu chini ya ulimi.

“Shikamoo mzee. Umemeza?”

“Marahaba. Nimemeza, mwanangu.”

“Mbona uso unalia?”

Benchi zima lilicheka, na mzee akaomba maji.

Hapo nimetaja benchi, na ni lazima nieleze mabenchi yetu, maana yanahusu jambo ambalo Digna hakupewa haki yake.

Sisi wa huku juu mlimani tuna kihamba nyumbani, chenye migomba na kahawa, na wengi tuna shamba la mahindi kule chini tambarare. Mbu wa malaria ni wachache huku kwenye baridi, lakini kule chini wamejaa. Kila Machi watu hushuka kulima, hulala huko wiki nzima, hurudi na homa. Mwaka 1966 niliweka mabenchi mawili barazani: moja la walioshuka, moja la wasioshuka. Aliyeshuka akiwa na homa alipewa klorokwini. Ambaye hakushuka alipimwa kifua, masikio, koo na mkojo. Foleni ilikwenda haraka, na wageni kutoka wilayani walinisifu.

Digna hakuyapenda mabenchi. Kila mwenye homa, awe amekaa wapi, alimwambia, “Gusa kifua kwa kidevu.” Watoto wachanga aliwapapasa utosi kuona kama umevimba. Nilimwambia anapoteza muda.

Jumanne moja ya Machi 1974 alikuja Bi. Yuditha, mama yake Eliaichi, pamoja na mumewe Gidioni. Walikuwa wametoka kulima chini. Yuditha alikuwa na homa, kichwa kilimuuma na alikuwa ametapika mara mbili. Alikuwa wa kumi na mbili kwenye benchi la walioshuka, na wale kumi na mmoja wa mbele yake nilikwisha kuwaandikia malaria. Digna alinijia mezani, Gidioni akiwa bado uani na mkewe amelemewa na homa.

“Dokta, shingo ya huyu mama haipindi.”

“Ameshuka?”

“Ameshuka, lakini shingo—”

“Dada Digna, ameshuka. Andika malaria.”

Mtu mmoja barazani akasema, “Nesi naye siku hizi anataka udokta!” Watu wakacheka. Nami nilicheka. Digna akaandika kadi kama nilivyomwamuru. Sikuinuka kitini kumgusa mgonjwa.

Mlangoni Digna alimwambia Gidioni, “Baba Eliaichi, akianza kusinzia ovyo au kuweweseka, mrudishe saa ileile. Usingoje vidonge viishe.” Gidioni alishika maneno hayo. Alhamisi asubuhi majirani walimleta Yuditha kwa machela, hajitambui. Mimi nilikuwa kwenye mkutano wa kata. Digna alimchoma penisilini bila kungoja idhini yangu, akasimama katikati ya barabara na kulizuia lori la kahawa lililokuwa likishuka Moshi. Alikaa nyuma juu ya magunia, ameshika kichwa cha mgonjwa, mpaka hospitali ya Mawenzi. Maji ya uti wa mgongo yalipotolewa yalikuwa na ukungu. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Yuditha alipona, lakini hasikii tangu siku hiyo.

Wakaguzi walikuja baada ya wiki tatu. Kadi ilikuwa na mwandiko wa Digna. Waliniuliza kama niliambiwa habari ya shingo. Nilisema, “Hapana. Nesi hakuniambia.”

Digna alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwangu. Alisema, “Nilisema, na yeye anajua nilisema.” Wakamuuliza shahidi. Waliokuwa barazani siku ile hakuna aliyejitokeza. Kesho wangeumwa, na aliyeamua nani apewe dawa ni mimi.

Barua ya onyo ilimtaja kwa makosa mawili: kutotoa taarifa ya dalili, na kutoa dawa bila idhini. Kosa la kwanza nililitunga mimi. La pili ndilo lililomwokoa Yuditha.

Mwaka ule kulikuwa na nafasi moja ya mafunzo ya uuguzi na ukunga, na ilikuwa yake. Jina lilifutwa. Alisubiri miaka sita, akaenda 1980 akiwa na umri wa miaka hamsini, akakaa darasani na wasichana waliomwita bibi, akarudi na cheti. Mimi nilipandishwa cheo mwaka 1976. Gidioni naye alitangaza kijijini kwamba nesi ndiye aliyekosea, kwa kuwa ndivyo nilivyomwambia. Kwa miaka kumi na moja watu wa nyumba ile walimpita Digna njiani bila salamu, na wajukuu wao walipelekwa kuchanjwa zahanati nyingine, mwendo wa saa mbili.

Mpaka nilipostaafu 1981 Digna aliniamkia kila asubuhi na kufanya kazi yake. Niliyaondoa mabenchi kimyakimya Juni 1974, na nikasema ni kwa sababu ya uhaba wa nafasi. Hata hilo halikuwa kweli.

Daktari ameniambia moyo wangu umepanuka na nisipange mambo ya mwakani. Kwa hiyo nimefanya mambo mawili kabla ya kuandika haya. Nimepeleka wilayani maelezo yenye sahihi yangu, nikiomba barua ile iondolewe kwenye jalada la Digna na maelezo yangu yawekwe mahali pake. Kisha nilikwenda kwa Bi. Yuditha. Ni mwendo wa dakika kumi, nami nilitumia saa nzima. Alisoma hadi darasa la nne, kwa hiyo nilimwandikia yote kwenye karatasi. Alisoma polepole, akarudi mwanzo akasoma tena. Gidioni alisimama mlangoni akiuliza, “Imeandikwa nini? Mama Eliaichi, imeandikwa nini?” Mkewe hakumtazama. Alichukua kalamu mkononi mwangu akaandika chini: “Kwa hiyo Digna nimemnunia bure.” Akanirudishia kalamu; neno lingine sikustahili.

Digna nilimsomea wasifu huu juzi, nyumbani kwangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa nimeandika kwamba alijua tangu Jumanne kuwa ni uti wa mgongo. Alisema, “Hapo futa, Mzee Eliezeri. Sikujua. Nilijua shingo haipindi, basi. Waandikie vijana hivyo, wasije wakangoja mpaka wajue.” Nimefuta. Kuhusu msamaha sikumuuliza.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Ngaruma, waliopo na waliotutangulia, tunamshukuru Bi. Digna kwa watoto elfu na zaidi aliowapokea, kwa homa alizozipima kwa mkono wake, na kwa kusema mezani kwangu jambo ambalo sikutaka kulisikia. Dada Digna, tunakuombea afya, kahawa izae vizuri Kibosho, na usingizi wa asubuhi ambao hukuwahi kuupata. Desturi yetu ni kwamba mkuu wa zamani ndiye anayekabidhi zawadi. Nimeiomba kamati inisamehe. Leo zawadi yako utaipokea kwa mkono wa Mama Eliaichi, ambaye ameomba mwenyewe.

Eliezeri
Mganga Msaidizi Mstaafu, Ngaruma