Karatasi Moja kwa Kila Meza

Ijumaa hii Mwalimu Ruqayya Idarous anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha umeme katika chuo chetu hapa Thika. Mitano kati ya hiyo alikuwa akienda na kurudi tawi la Ruiru bila marupurupu ya usafiri. Hilo sisi walimu wenzake tumelisema mikutanoni vya kutosha.

Mwaka 2019 chuo kiliamua wanafunzi wote wasome kwa makundi. Mwalimu, ambaye hajui kufanya kazi nusu, aliandaa karatasi nne kwa kila mwanafunzi na vyeo sita kwa kila meza: mwenyekiti, katibu, mtunza saa na wenzao. Saa mbili nzima zikaishia kwenye vyeo. Hakuna taa iliyowaka. Ndipo mwanafunzi mmoja, Kimeu, akauliza kwa upole, "Mwalimu, mimi ni mtunza saa. Swichi nitaishika lini?"

Alicheka mpaka akaketi. Kisha akakusanya karatasi zote.

Wiki iliyofuata kila meza ilipata karatasi moja na swali moja, lilelile kwa wote. Majina ya nyaya aliyaandika juu ya nyaya zenyewe kwenye mchoro, si ukurasa wa nyuma, jicho lisitangetange. Kwanza kundi lilipewa sakiti iliyokamilika, halafu iliyobakiza nusu, mwishowe ubao mtupu. Meza zote ziliinua jibu kwa pamoja, na hapo ubishi ukaanza. Alituambia kichwa cha anayeanza kina mlango mwembamba. Magunia mawili hayapiti pamoja.

Wapo waliosema anawadekeza wanafunzi. Idara ikampa muhula mmoja: matokeo yasipopanda, arudi kufundisha kwa kuhutubia. Muhula wa nyuma, kati ya wanafunzi 48, 19 walianguka mtihani wa vitendo. Muhula huo wa majaribio walianguka watano. Ripoti iliyokwenda juu iliuita utaratibu wake "mpango wa idara", jina lake halimo. Yeye akasema taa zinawaka, inatosha. Kwetu bado haijatosha.

Kamati ya kumuaga ilimpelekea ratiba ya kurasa sita na wasemaji tisa. Aliirudisha ikiwa ukurasa mmoja na wasemaji wawili, mmoja wao Kimeu, ambaye sasa ni fundi mwenye duka lake huko Witeithie. Nasi tumefuata mfano wake wa ukurasa mmoja; ndiyo maana malalamiko yetu mengine hayakupata nafasi hapa.

Asante, Mwalimu. Tunakuombea afya na mapumziko matamu, na huko nyumbani asitokee mtu wa kukupa cheo.