Karani wa Mitihani na Vidole vya Dobi

Tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, karani wetu wa mitihani atakabidhi funguo za kabati la chuma na kwenda nyumbani. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja na miezi minne katika chumba kimoja chenye dirisha moja, kati ya ofisi ya mkuu wa shule na stoo ya madawati mabovu. Wanafunzi tunamwita Bi Kasoro. Analijua jina hilo, na hajawahi kumwadhibu mtu kwa sababu yake.

Jina hilo alilipata kwa haki. Wengi wetu hudhani cheti cha sekondari hupatikana Novemba, kwenye ukumbi wa mtihani. Kwa kweli huanza Januari, mezani kwake. Mtahiniwa lazima awe na cheti cha kuzaliwa, matokeo ya shule ya msingi, picha mbili zinazoonyesha masikio yote mawili, na alama za kazi za darasani za miaka miwili. Kikikosekana kimoja, jina haliendi baraza la mitihani, na asiye na jina huko hana mtihani. Karani hupitisha penseli juu ya fomu, kisha husema polepole, "Hapa kuna kasoro." Kuna mvulana aliyeleta picha aliyoikata kutoka kwenye picha ya harusi, mkono wa bibi harusi ukiwa bado begani mwake. Karani aliitazama, akamuuliza, "Na huyu mwenye mkono naye tumsajili?"

Aliajiriwa akiwa mpiga chapa. Mwaka wake wa tatu kazini, msimu wa mvua, karatasi mbili zilinatana kwa unyevu na fomu ya mwanafunzi mmoja ikapitwa bila kuhesabiwa. Alipogundua, alisafiri mwenyewe hadi baraza la mitihani, fomu ikiwa kwenye mkoba. Alikuta usajili umefungwa tangu jana yake. Kijana yule alirudia mwaka mzima kwa kosa ambalo halikuwa lake. Karani hasimulii habari hii ili ahurumiwe. Husema tu kwamba ndiyo sababu huhesabu karatasi mara tatu, na mara ya tatu huanzia nyuma.

Miaka minne iliyopita ililetwa mashine ya kusoma alama za vidole, ili mtu asifanyiwe mtihani na mwenzake. Fundi aliyeileta alimwambia, "Mama, hii ni kazi ya vijana, usijisumbue." Karani alichukua kitabu cha maelezo ya mashine, akakisoma mchana akila. Baada ya mwezi mmoja fundi ndiye aliyekuwa akimpigia simu kuuliza.

Mwaka huu amri ilitoka kwamba watahiniwa wa kujitegemea wanaosajiliwa hapa nao watoe alama za vidole viwili. Hapo naomba nisimulie kwa kirefu kidogo, kwa sababu mmoja wao ni mama yangu mzazi.

Mama ni dobi wa hospitali. Aliacha shule kidato cha tatu, akamlea kaka yangu, kisha mimi na mdogo wangu. Amekuwa akisoma jioni na kufanya mtihani somo baada ya somo. Amebakiza Hisabati tu, na bila Hisabati hapewi cheti. Ameshafeli mara mbili. Hospitali imesema mwenye cheti anaweza kuhamia chumba cha kumbukumbu za wagonjwa, akae kitini. Mama ana miaka arobaini na sita, na kwa miaka kumi na tisa mikono yake imekuwa ndani ya maji ya moto na dawa ya madoa.

Zikiwa zimebaki siku kumi na mbili usajili ufungwe, mama aliweka kidole kwenye kioo cha mashine. Taa ikawaka nyekundu. Karani akamwambia aweke kingine, na kingine, hadi vikaisha vyote kumi. Ncha za vidole vya mama zimekuwa laini kama sabuni iliyotumika. Hazina mistari.

"Basi," mama akasema, akicheka ili asilie. "Hata mashine imenikataa."

"Mashine haijui kitu, mwanangu," karani akamjibu. "Kaa hapo."

Akampigia fundi. Fundi akashauri mama aandikwe kuwa ni mlemavu wa mikono, kisha ipatikane barua ya daktari na kibali cha baraza, ambacho huchukua wiki sita. Karani akasema, "Huyu si mlemavu. Huyu ni dobi," akakata simu.

Siku iliyofuata, na magoti yake yanayouma, karani alitembea hadi chumba cha kufulia cha hospitali. Alimwomba msimamizi amweke mama kwenye kukunja mashuka makavu kwa siku hizo, ngozi ipate kurudi. Msimamizi akasema, "Yeye akikunja, nani afue?" Wenzake mama walikuwa wanasikia. Mmoja, ambaye wote humwita Shangazi, akatoa kichwa kwenye mvuke. "Tutafua sisi. Ila akifeli tena hiyo Hisabati, atafua zamu zetu mwezi mzima, na asituletee uso wa huzuni hapa!"

Nyumbani mama alikatazwa kugusa maji. Kaka alipika, mimi nilifua, mdogo wangu aliosha vyombo na kuvunja viwili. Mama alikaa ameshika daftari la Hisabati, vidole vinang'aa mafuta, kurasa zikijaa madoa. Kila siku saa saba alikwenda kwa karani, na kila siku taa iliwaka nyekundu. Siku ya sita karani alisinzia mezani wakati mashine ikijiwasha, na mama hakumwamsha. Alikaa akamsubiri. Nadhani kila mmoja alikuwa anamhurumia mwenzake.

Siku ya kumi na moja, kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilikubali. Taa ya kijani. Bado kimoja.

Siku ya mwisho usajili ulikuwa unafungwa saa sita mchana. Mama alifika saa mbili. Walijaribu vile vingine tisa, wakapumzika, wakajaribu tena. Karani alivifuta kwa kitambaa kikavu kimoja kimoja, kama mtu anayefuta miwani. Saa tano na dakika arobaini, kidole kidogo cha mkono uleule wa kushoto kikakubali. Karani alichapa fomu, akahesabu karatasi mara tatu, akaituma. Kisha akalaza kichwa mezani. Mama akaanza kulia, na karani, bila kuinua kichwa, akasema, "Usilie juu ya nakala yangu, italowa."

Mwaka huu amesajili watahiniwa mia moja na sitini na wanne, peke yake. Msaidizi wake alihamishwa miaka mitano iliyopita na hajaletwa mwingine. Katika miaka yote hii hajawahi kuchukua likizo Machi, mwezi wa kufunga usajili, na chai yake huinywa ikiwa imepoa. Kamati ya kumuaga iliponituma nimuulize atakumbuka nini zaidi, alisema, "Nimechoka, mjukuu wangu. Andika hivyo. Wasifikiri kazi hii nilikuwa naifanya kwa kurukaruka." Nimeandika kama alivyosema.

Mkuu wa shule, walimu, wafanyakazi na wanafunzi wote tunakushukuru, Bi Kasoro. Tunakushukuru kwa kila fomu uliyoturudishia tukanuna, tukaenda kuirekebisha, na leo tuna jina kwenye orodha. Mama yangu pia anakushukuru. Ameshafika kwenye milinganyo, na kila jioni huniita nimsahihishie. Wakati mwingine hupata yote. Wakati mwingine hapati hata moja, tukafunga daftari tukalala. Ulikamilisha yote yaliyokuwa ya karani. Yaliyobaki ni ya mama.

Tunakutakia usingizi mrefu, magoti yasiyouma, chai ya moto, na asubuhi nyingi ambazo hakuna anayekuulizia fomu. Matokeo hutoka Februari. Ukisikia hodi mwezi huo, tafadhali inuka mara moja tu ufungue. Mama amesema atakuletea jibu mwenyewe, liwe zuri au baya.